DAP, TSP na Minjingu: Tathmini ya Mbolea za Kupandia kwa Udongo wa Nyanda za Juu Kusini

Mvua za Novemba zinapokaribia, mkulima wa Njombe, Mbeya au Songwe anayeingia kwenye duka la pembejeo huulizia DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi), na akiambiwa kwamba haijafika, mara nyingi huondoka kwenda duka la pili bila kuuliza kuna mbolea gani nyingine ya kupandia. Mazoea hayo yana msingi, kwa kuwa DAP imezilisha kaya nyingi katika ukanda huu, lakini yamefanya mbolea nyingine zenye fosforasi zihukumiwe kabla hazijapimwa. Katika tathmini hii ninalinganisha DAP, TSP (yenye fosforasi bila naitrojeni) na mbolea za Minjingu, yaani ile ya unga na zile za punje zilizochanganywa na virutubisho vingine, kwa jinsi zinavyofanya kazi kwenye mahindi, maharage na viazi mviringo katika udongo mwekundu wenye tindikali. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: DAP ni mbolea nzuri inayonunuliwa hata pale isipohitajika, TSP ni mbolea nzuri inayosahauliwa, na Minjingu hulaumiwa zaidi na wale walioipeleka kwenye shamba lisilo lake.

Maandishi ya kwenye mfuko ndiyo yanayopotosha wengi. DAP huandikwa 18-46-0, maana yake asilimia 18 ya naitrojeni, asilimia 46 ya fosforasi iliyohesabiwa kama P2O5, na potasiamu hakuna. TSP huandikwa 0-46-0. Mfuko wa kilo 50 wa yoyote kati ya hizo mbili una kilo 23 za P2O5, na anayetaka kujua fosforasi halisi huzidisha kwa 0.44 akapata takriban kilo 10. Ndani ya mfuko wenyewe hamna P2O5 hata chembe; hiyo ni namna ya kuhesabu ya wanakemia wa zamani ambayo biashara ya mbolea imeirithi na haijaiacha hadi leo. Ubaya wake ni kwamba inataja kiasi tu. Haimwambii mnunuzi kwamba fosforasi ya DAP na TSP karibu yote huyeyuka katika maji, ilhali ile ya unga wa Minjingu haiyeyuki katika maji bali husubiri tindikali ya udongo iumeng'enye, wala haimwambii kwamba mifuko miwili yenye namba zinazokaribiana inaweza kumpa mavuno tofauti kabisa kwa sababu ya udongo alionao.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu fosforasi haisafiri. Naitrojeni ikiwekwa juu, mvua huishusha hadi kwenye mizizi, na ikizidi huipeleka mbali zaidi. Fosforasi husogea milimita chache tu kutoka pale ilipoangukia, na katika udongo mwekundu uliojaa madini ya chuma na alumini hukamatwa haraka na kugeuka kuwa kitu ambacho mzizi hauwezi kukinywa kwa urahisi. Udongo wa majivu ya volkano wa upande wa Rungwe nao, pamoja na rutuba yake yote, ni hodari wa kuifunga fosforasi. Ndiyo maana zao la kwanza mara nyingi hupata kati ya asilimia 10 na 25 tu ya fosforasi iliyotiwa msimu huo, na iliyobaki hukaa ardhini ikitoka kidogo kidogo katika misimu inayofuata. Mkulima anayemwaga DAP juu ya ardhi mahindi yakiwa yamefika magotini anaitupa, hata kama mbolea ni halali na mfuko ulikuwa na lakiri yake.

DAP sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Mche wa mahindi unaochipua katika baridi ya Makete au Mufindi una mizizi michache, na udongo baridi huifanya fosforasi iwe adimu zaidi. Hapo ndipo majani yanapopata rangi ya zambarau kwenye kingo na mimea kusimama bila kukua kwa majuma. DAP ikiwa karibu na mbegu, amonia iliyomo humsaidia mche kunyonya fosforasi, kwa sababu mzizi unaponyonya naitrojeni ya aina hiyo hutoa tindikali kidogo pembeni yake na kuilegeza fosforasi iliyo jirani. TSP peke yake haitoi msaada huo. Kwa mahindi yaliyochelewa kupandwa, na kwa viazi mviringo vinavyokaa shambani miezi mitatu hadi minne tu na vyenye mizizi mifupi, sijaona sababu ya kumshauri mtu aiache DAP.

Kasoro yake ya kwanza ni ukali. Punje ya DAP ikiyeyuka, eneo dogo linaloizunguka hupanda hadi pH (kipimo cha uchachu, ambapo chini ya 7 ni tindikali) ya karibu 8, na katika hali hiyo sehemu ya amonia hugeuka kuwa gesi inayounguza mzizi mchanga. Asiyeamini na afanye jaribio hili: chukua punje chache kiganjani, changanya na majivu ya jikoni, dondoshea maji kidogo, kisha nusa. Harufu itakayokukaba puani ndiyo naitrojeni uliyoilipia ikiondoka. Jaribio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba DAP isichanganywe na majivu wala chokaa katika shimo moja, na kwamba kati ya mbolea na mbegu lazima kuwe na udongo wa kutosha, angalau unene wa vidole viwili. Maharage huumia haraka kuliko mahindi. Ukiung'oa mche wa haragwe uliopandwa juu ya DAP bila udongo katikati, utakuta ncha ya mzizi mkuu imegeuka kahawia, na mzizi umejikunja kwenda upande kama unaokwepa kitu.

Kasoro ya pili ndiyo inayozungumzwa zaidi, kwamba DAP inachachusha ardhi. Ni kweli, lakini imetiwa chumvi. Amonia ya DAP inapogeuzwa na bakteria wa udongo kuwa naitreti, tindikali huongezeka, na kwa kila kilo ya naitrojeni DAP huchachusha kuliko urea. Hata hivyo mfuko mmoja kwa ekari una kilo 9 tu za naitrojeni. Mkulima huyohuyo huja baadaye na mifuko ya urea au ya SA (salfeti ya amonia) ya kukuzia, na SA huchachusha kuliko zote, kisha huondoa shambani mabua, maganda na nafaka bila kurudisha kitu. Kuibebesha DAP peke yake lawama za udongo uliochoka, kama ilivyozoeleka pia kusikika kwa majirani zetu wa Kenya katika maeneo ya mahindi ya Bonde la Ufa, ni kumwachia mkosaji mkubwa aende zake.

Kuhusu bei, DAP hutegemea bahari. Huagizwa kutoka nchi kama Moroko, Saudi Arabia na China, na China ilipobana mauzo yake ya nje mwaka 2021, kisha vita ya Ukraine ikafuata mwaka 2022, bei zilipaa hadi serikali ikarudisha ruzuku. Msimu wa 2022/2023 mfuko wa kilo 50 ulipangiwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Ruzuku hiyo iliokoa misimu, lakini pia ilizidi kuijenga imani kwamba mbolea ya kupandia ni DAP na nyingine ni za kujikimu.

Nikiwa bado kwenye mbolea zinazoyeyuka, kuna jambo linalowachanganya wengi na ambalo sijaona likielezwa madukani. Jirani yangu mmoja alikuja wakati wa palizi akiwa na punje sita au saba kiganjani, za kijivu, zilizolowa, akaniambia, "Kaka, tazama, wameniuzia mawe. Mahindi yameshatoa majani manane na mbolea iko vilevile." Nilimwomba aiminye moja kwa kucha. Ilipasuka kama ganda, ndani ikiwa laini na nyepesi. Punje za DAP na TSP hazipotei zote. Maji huingia, fosforasi nyingi hutoka na kuenea katika udongo wa pembeni, na kinachobaki ni gamba la madini yasiyoyeyuka pamoja na salio la fosforasi iliyoshikamana na kalsiamu, chuma na alumini. Kuiona punje ardhini si ushahidi wa mbolea feki, kama vile kutoiona si ushahidi wa mbolea nzuri.

TSP ndiyo ninayoitetea. Haina naitrojeni kabisa, na hiyo ndiyo faida yake kwa mazao ya jamii ya kunde, ambayo yakiwa na vinundu vizuri kwenye mizizi hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani, lakini hayawezi kutengeneza vinundu hivyo bila fosforasi ya kutosha. Mkulima wa maharage au soya anayenunua DAP analipia naitrojeni ambayo zao lake lingeipata bure, na ikizidi huifanya mimea izembee kutengeneza vinundu. TSP ina kalsiamu pia, takriban asilimia 15, ambayo si haba katika udongo uliochujwa na mvua. Inapoyeyuka hutengeneza tindikali kali pembeni mwa punje, pH ikishuka hadi karibu 1.5, lakini hali hiyo ni ya eneo dogo na ya muda mfupi, na haiachi shamba likiwa limechacha kama inavyofanya amonia. Kwa hiyo anayesoma kwamba TSP ina tindikali kuliko DAP asitishike: DAP huanza bila tindikali ikaishia kuchachusha, TSP huanza na tindikali ikaishia bila madhara makubwa.

Ubaya wa TSP ni kupatikana. Katika miji mikubwa na kwenye mashamba ya chai na kahawa utaipata. Katika duka la kijijini mara nyingi haipo, na muuzaji akiulizwa hujibu kwamba hakuna anayeitaka, jambo ambalo ni kweli na pia ni matokeo ya kutoileta. Kwa mahindi, TSP humlazimu mkulima atafute naitrojeni mapema kutoka kwingine, yaani samadi au urea kidogo siku chache baada ya kuota, na usumbufu huo unatosha kumfanya mtu mwenye ekari tano achague DAP. Simlaumu.

Sasa Minjingu, ambayo inahitaji maelezo marefu kuliko zote. Machimbo yake yako mkoani Manyara, upande wa mashariki wa Ziwa Manyara, kandokando ya barabara inayotoka Arusha kwenda Babati. Ziwa hilo zamani za kale lilikuwa kubwa zaidi, na fosfeti ya pale ilitokana na kinyesi na mifupa ya ndege waliokuwa wakikaa kilimani na kula samaki. Asili hiyo ya viumbe, tofauti na fosfeti ya miamba ya moto kama ile ya Kilima cha Panda karibu na Mbeya, ndiyo inayoifanya iwe laini kiasi cha kuweza kutumika shambani ikiwa imesagwa tu, bila kupikwa kwa asidi kiwandani. Uchimbaji ulianza mwaka 1983. Unga wake una P2O5 kati ya asilimia 28 na 30 hivi, pamoja na kalsiamu nyingi.

Unga huo ukiutia kwenye glasi ya maji, utatua chini kama mchanga na maji yatabaki kama yalivyokuwa, na wako walioutupa baada ya jaribio hilo. Hawakuelewa kwamba maji si kipimo chake. Unga wa fosfeti humeng'enywa na tindikali ya udongo, na kazi hiyo huenda haraka pale ambapo pH iko chini ya 5.5, kalsiamu ni chache, na mvua ni nzuri. Masharti hayo matatu ni sifa za Njombe na Mufindi zenyewe. Katika mashamba yenye pH ya 6.5, au katika udongo wenye chokaa ya asili, fosforasi hiyo hukaa kama ilivyowekwa, na mkulima wa bonde la mfinyanzi mweusi anayeinunua kwa sababu mjomba wake wa milimani amevuna vizuri atapata hasara. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, ambako Minjingu ilijaribiwa pamoja na majani ya alizeti mwitu katika udongo wenye tindikali, ulionyesha kwamba inaweza kushindana na TSP, hasa mavuno ya misimu kadhaa yakihesabiwa kwa pamoja.

Kosa linalofanywa na wakulima makini, nasisitiza makini, ni kuweka chokaa ya kilimo na unga wa Minjingu kwa wakati mmoja. Chokaa huiondoa tindikali ambayo unga huo unaitegemea na kuongeza kalsiamu inayozuia umeng'enyaji. Anayetaka vyote viwili aweke unga kwanza, auache ufanye kazi angalau msimu mmoja, kisha ndipo afikirie chokaa. Minjingu yenyewe hupunguza uchachu kidogo inapomeng'enywa. Mazao ya kunde huusaidia unga huo, kwa kuwa mizizi yake inayotengeneza naitrojeni hutoa tindikali pembeni yake, na kwa sababu hiyo napenda kuuona kwenye maharage kuliko kwenye mahindi.

Unga ulikuwa na kero ya vumbi: ukiutupa siku ya upepo, nusu unaingia kwenye nguo na macho. Kero hiyo ndiyo iliyosababisha zije mbolea za punje zilizochanganywa, kama Minjingu Mazao na Nafaka Plus, zenye naitrojeni, salfa, zinki na boroni juu ya fosfeti ileile. Ni hatua nzuri, na salfa na zinki ni virutubisho vinavyopungua kweli katika mashamba mengi yaliyolimwa mahindi mfululizo. Lakini hapa namba za mfukoni zina kazi. Mazao ina P2O5 asilimia 20 na Nafaka Plus asilimia 16, hivyo mfuko wa kilo 50 wa Nafaka Plus una kilo 8 za P2O5, dhidi ya 23 za DAP. Tani mbili za punje za mahindi huondoka shambani na kilo 6 hivi za fosforasi halisi, sawa na kilo 14 za P2O5. Mkulima anayevuna tani mbili kwa ekari na kuweka mfuko mmoja wa Nafaka Plus anakula akiba ya shamba lake, hata kama bei ya mfuko ilimfurahisha. Mtu asilinganishe mfuko kwa mfuko. Agawanye bei kwa kilo za P2O5, aongeze nauli ya bodaboda au fuso hadi shambani, kisha aweke thamani ya naitrojeni, salfa na zinki upande wa pili. Mara nyingi faida ya Minjingu inayoonekana dukani hupungua sana njiani, isipokuwa kwa aliye karibu na machimbo au aliyepata ruzuku.

Nyingine nitazitaja kwa ufupi. NPK 17-17-17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, ina kilo 8.5 tu za P2O5 kwa mfuko, na inafaa viazi na mboga zinazohitaji potasiamu, si mahindi ya kawaida. SSP, yenye fosforasi kidogo na salfa nyingi, karibu haionekani kwenye maduka yetu. Samadi ya ng'ombe ina fosforasi chache, kilo kadhaa tu kwa tani kavu, lakini asidi zake za asili huishika alumini na chuma ili visiikamate fosforasi ya mbolea ya kiwandani. Mkono mmoja wa samadi iliyoiva katika shimo lenye DAP au TSP ni matumizi bora ya samadi kuliko kuimwaga kote.

Kipimo nacho kina lake. Ushauri uliozoeleka wa kisoda kimoja cha DAP kwa shimo unafaa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ambapo ekari ina mashimo kama 9,000 na mfuko mmoja unatosha. Anayepanda 75 kwa 30, mbegu moja moja, ana mashimo maradufu, na kisoda kizima kwa kila shimo kinamaliza mifuko miwili bila sababu. Kwa Nafaka Plus kisoda kimoja ni kidogo hata kwenye nafasi pana.

Kununua kunahitaji macho. Katika duka moja ambalo sitalitaja niliwahi kuuziwa mfuko uliokuwa umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na ndani mlikuwa na punje za aina mbili zilizochanganywa, moja ikiwa na weupe wa urea. Tangu hapo natazama mshono kabla ya bei, nadai risiti yenye jina la mbolea na namba ya mfuko, na sinunui mbolea iliyofunguliwa ya kupimwa kwa kilo, hata ninapoambiwa, "Mzee, hii ni ileile, tumeifungua jana tu." Msajili na mdhibiti wa mbolea nchini ni TFRA, na muuzaji mwenye leseni yake hana sababu ya kuificha.

Kwa shamba la milimani lenye pH chini ya 5.5 na mvua za uhakika, mimi ningepeleka fedha hivi: viazi vipewe DAP au NPK, kwa udongo katikati, maharage yapewe TSP ikipatikana, na isipopatikana unga wa Minjingu uliozamishwa mapema kwenye udongo, mahindi yapewe DAP pamoja na samadi kwa msimu mmoja, na msimu unaofuata mchanganyiko wa Minjingu kwa kiasi kilichohesabiwa kwa P2O5, si kwa mfuko. Asiyejua pH ya shamba lake achukue udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi na tano au zaidi za shamba, auchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, aanike kivulini, na apeleke nusu kilo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, au cha Mlingano kwa walio upande wa Tanga. Jibu likirudi na pH ya 6 au zaidi, unga wa Minjingu uondoke kwenye orodha yake ya manunuzi, na ushindani ubaki kati ya DAP na TSP.